Kocha na wazazi wa timu ya watoto: maswali tunayoulizwa kila msimu hapa Mtwara

Nafundisha timu ya watoto wa miaka 9 hadi 15 katika mtaa mmoja wa Mtwara mjini. Kiwanja chetu ni cha mchanga, magoli ni ya miti, nyavu tunazifunga siku ya mechi tu. Maswali yaliyopo hapa nimeulizwa na makocha wenzangu wa Mikindani, Naliendele na Lindi mjini, na mengine nimeulizwa na wazazi pembeni ya kiwanja, mtu akiwa juu ya bodaboda na injini haijazimwa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Sitafundisha namna ya kupanga mabeki. Hilo kila mzazi wa Simba na Yanga analijua kuliko mimi.

Mzazi simjui kabisa. Nianzie wapi?

Nyumbani kwake, na uende kabla mtoto hajakosa lolote.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kipa anayeishi na bibi yake. Nilikwenda kwao mara tatu. Ya kwanza alikuwa amepigana, ya pili ameacha kuja mazoezini, ya tatu amepoteza jezi. Mara ya nne nilikuwa na habari nzuri: mwalimu wa michezo wa shule yao alikuwa amemchukua kwenye timu ya kata ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Nikapiga hodi. Bibi yuko uani anamenya mihogo, hakunyanyua kichwa.

"Kafanya nini tena?"

Kisu kilisimama katikati ya muhogo. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akaendelea kumenya, kisha akasema, "Kumbe na wewe njia ya kuja kwa heri unaijua."

Maneno yale yaliniuma kuliko ningetukanwa. Tangu siku ile, kila mtoto mpya akitimiza wiki ya kwanza ninakwenda kwao, dakika 10 tu. Nataja jina langu na ninapoishi, tunafanyia wapi mazoezi na tunamaliza saa ngapi, naacha namba ya simu, halafu nasema jambo moja zuri nililoliona kwa mtoto. Liwe la kweli. Kama hajui mpira lakini ndiye anayekusanya koni bila kutumwa, sema hilo. Na siku hiyo usiombe pesa, hata ya maji.

Kwenye fomu tumeandika "mzazi au mlezi". Huyo ni nani hasa?

Kwa huku kwetu uliza vizuri, usidhani. Watoto wengi wanalelewa na bibi huku mama yuko Dar es Salaam anahangaika na maisha. Halafu Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti ambayo kocha aliyetoka mkoa mwingine anaweza asiione. Nimewahi kukubaliana kila kitu na baba kuhusu safari ya Masasi, fomu ikasainiwa, asubuhi ya safari mtoto hakutokea. Mjomba hakuulizwa. Baba mwenyewe aliona aibu kuniambia.

Siku hizi nauliza wazi: "Mtoto akiumia saa hii nimpigie nani kwanza? Na akitaka kusafiri, nani anatoa ruhusa?" Mara nyingi yanatoka majina mawili tofauti. Andika yote mawili.

Si tuna grupu la WhatsApp? Halitoshi?

Halitoshi. Nusu ya walezi wangu wanatumia kitochi, na wenye simu janja hawana bando kila siku. Ukitegemea grupu utakuwa unazungumza na wazazi walewale sita, nao wataanza kujiona ndiyo timu.

Kibaya zaidi ni kumtuma mtoto. Ujumbe unaopita kwa mtoto peke yake haufiki ulivyotoka. Nilisema, "Kesho mechi saa 9 alasiri, nauli shilingi 1,000." Nyumba moja ilisikia 2,000. Nyumba nyingine ilisikia saa 9 usiku, mama akaja kuniuliza kama nina akili timamu. Mtoto si mwongo, ila anabeba alichokielewa, na wakati mwingine anaongeza hela ya andazi.

Kwa hiyo kila Ijumaa naandika karatasi moja: siku, saa, mahali, gharama, na namba yangu. Naibandika kwenye duka la mtaani ambapo kila mtu lazima apite kununua sukari. Wasio na WhatsApp nawatumia meseji ya kawaida. Jambo zito, kama mtoto kuumia, kugombana au kuachwa kwenye safari, sitegemei karatasi wala meseji: napiga simu au nakwenda, na nafika kabla mtoto hajafika. Ukiwahi kusema wewe, mzazi anasikia habari. Ukichelewa, atasikia mashtaka, na wewe ndiye mshtakiwa.

Kwenye grupu sheria yangu ni mbili tu: hakuna kumjadili mtoto wa mtu, na baada ya saa 3 usiku hakuna ujumbe. Video za vichekesho zimenishinda, nimeziacha.

Michango: tuombe kiasi gani, na tufanyeje wasiseme tunakula?

Kiasi kitatoka kwenye mkutano, si kichwani mwako. Sisi tulikubaliana shilingi 500 kwa wiki kwa anayeweza, na asiyeweza analeta kitu kingine: kuni za kupikia uji, kufua jezi, ndoo ya maji. Jezi zikifuliwa na mama yuleyule kila wiki, yule ameshachangia kuliko mtu wa 500.

Hilo la pili nalijibu kwa aibu yangu mwenyewe. Msimu mmoja tulikusanya pesa za jezi. Nilikuwa naziweka kwenye simu yangu, laini ileile ninayonunulia unga. Sikuiba hata senti, lakini jezi zilichelewa wiki tano kwa sababu fundi alibadilisha bei, na muda wote huo nilikuwa sina karatasi ya kumwonyesha mtu. Maneno yakaanza: "Kocha kaezeka nyumba." Nyumba yangu ilikuwa na bati lilelile lenye kutu.

Nikaita wazazi barazani kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda na daftari la kurasa 96 nililolijaza usiku kucha kwa kukumbuka. Mama mmoja, muuza samaki, hakusema neno. Alilichukua, akateremsha kidole mstari kwa mstari, polepole, kidole kina magamba ya samaki bado. Akasimama kwenye mstari mmoja. "Hapa umeandika mwanangu kalipa 3,000. Alilipa 3,500, nilimpa mwenyewe." Kweli, nilikuwa nimesahau 500. Nikaisahihisha mbele ya watu. Ajabu ni kwamba kosa lile ndilo lililonisafisha. Watu waliona daftari linaweza kusahihishwa.

Yule mama ndiye mtunza hazina wetu hadi leo. Kocha asishike pesa. Anunue, alete risiti, arudishe chenji. Daftari liko kwake sokoni, mzazi anayetaka kuliona anapita na kuliona.

Halafu angalia kalenda ya watu. Michango mikubwa, kama ya jezi au safari, sisi tunaipanga baada ya minada ya korosho kuanza kulipa, kuelekea mwisho wa mwaka. Ukiomba mwezi wa 3, wakati ghala la nyumbani limebaki vumbi, mzazi hatakuambia hana. Atamzuia mtoto asije, na wewe utadhani kakuchukia.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anakaa benchi kila mechi. Nimwambieje kocha bila kugombana?

Mwambie, una haki. Ila usimwambie siku ya mechi. Siku ile yeye ana joto, wewe una joto, na mtoto anasikiliza huku anajifanya anafunga kamba za njumu. Subiri siku mbili, mfuate kabla ya mazoezi, muulize hivi: "Mwalimu, mwanangu afanye nini ili apate nafasi?" Swali hilo kocha hawezi kulikimbia. Ukiuliza "Kwa nini fulani anacheza na wangu hachezi?" umeshamleta mtoto wa jirani kwenye kesi, na kocha atamtetea yule badala ya kukujibu kuhusu wako.

Na kocha naye ajibu kitu kinachoshikika. "Bado hajaiva" si jibu. "Mguu wa kushoto hautumii kabisa, na akipoteza mpira anasimama" ni jibu, kwa sababu mzazi anaweza kwenda naye uwanjani Jumapili wakalifanyia kazi.

Kwa watoto chini ya miaka 12 sisi tuna kanuni, na tunaisema siku ya kwanza: kila aliyekuja mazoezini mara mbili wiki hiyo anacheza angalau nusu ya mechi. Tumefungwa kwa kanuni hiyo zaidi ya mara moja. Wapo makocha wananicheka. Lakini mtoto wa miaka 10 anayekaa benchi msimu mzima hajifunzi mpira, anajifunza kukaa. Kuanzia miaka 13 ushindani unaongezeka, na hilo pia tunalisema mapema, ili baba asije akashtuka.

Baba mmoja anafundisha kutoka pembeni. Mimi nasema "pasi", yeye anasema "piga!"

Mtazame mtoto. Mpira ukimfikia, kabla ya kuupiga anageuza shingo kumtazama baba. Hiyo sekunde moja ndiyo inayomnyang'anya mpira, kisha wote wawili tunamgombeza.

Usimkaripie baba mbele ya watu. Mpe kazi. Huyu wa kwetu nilimwomba ashike kibendera cha mstari kwenye mechi za kirafiki. Mshika kibendera lazima akimbie na mstari, hana pumzi ya kufundisha. Baada ya mechi tatu alikuja kuniambia uamuzi wa kuotea ni mgumu kuliko alivyodhani. Tangu hapo marefa wetu, ambao ni vijana wa sekondari tu, wanapata usalama.

Na akija amelewa?

Msimu wa mabibo uraka, pombe ya mabibo, unapatikana kila kona, na mechi za saa 10 jioni zinawakuta watu tayari wamekwisha kunywa. Hapa sina mzaha. Mzee mmoja anayeheshimika, sisi tunamtumia mjumbe wa mtaa, anamwendea, anamshika mkono, anamsindikiza. Si kocha. Kocha akimfukuza, kesho ni ugomvi wa kocha na ukoo. Ukimkuta amepoa siku ya pili, zungumza naye faraghani, na usilisimulie kijiweni.

Mazoezi yanagongana na madrasa. Ustadhi analalamika, mama naye yuko upande wa ustadhi.

Yuko upande sahihi. Ulipangaje mazoezi bila kuuliza watoto wana chuo saa ngapi? Nenda kwa ustadhi, toa salamu, muulize ratiba yake, kisha wewe ndiye ujipange. Sisi tulihamisha siku mbili, tukazipeleka Jumamosi na Jumapili asubuhi. Baadaye ustadhi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia watoto, "Leo someni upesi, mna mechi."

Shule ni hivyohivyo. Mtoto wa darasa la 7 akikaribia mtihani namtoa kwenye orodha ya mechi za mbali mimi mwenyewe, sisubiri mzazi aje kuomba. Na mwezi wa 6 jua la hapa linazama saa 12 na dakika chache tu, kwa hiyo saa 11 na nusu tunafunga. Mama anayeona mtoto anarudi kukiwa bado na mwanga hahitaji kushawishiwa sana.

Wakati wa korosho watoto wanapotea. Niwafukuze timu?

Utabaki na nani? Kuanzia mwezi wa 10 familia nzima inaokota. Ile korosho ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo hizo njumu zenyewe. Mimi husema na wazazi mwezi wa 9: wiki zipi mtakuwa shambani, mtoto atarudi lini. Naandika. Tunapunguza mazoezi, hatupangi mashindano, na anayerudi anarudi palepale alipokuwa. Kazi ya shamba ikizidi hadi mtoto anakosa shule, hilo nalisema kwa mzazi, lakini nalisema kama suala la shule, si la mpira.

Wazazi wavuvi wana kalenda yao nyingine. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Mkutano wa wazazi tunauweka siku za mbalamwezi, na ghafla akina baba wanaonekana.

Ramadhani tufanyeje?

Punguza. Dakika 40 za mpira mwepesi karibu na kuftari, hakuna kukimbia raundi, na asiyejisikia anakaa bila kuulizwa. Kocha asimwambie mtoto afungue wala asimsifu anayefunga mbele ya asiyefunga. Hayo ni ya nyumbani kwao.

Mtoto amekwenda jandoni bila kuaga.

Hajaondoka bila kuaga, umeshindwa kuuliza. Jando na unyago hufanyika sana wakati wa likizo, na maandalizi yake yanajulikana mtaani wiki nyingi kabla. Muulize mlezi mapema kama mwaka huu kuna mwali nyumbani. Akitoka, usimharakishe kiwanjani. Subiri mlezi aseme amepona. Na usiulize yaliyofanyika huko. Ukialikwa kwenye ngoma ya kutoka, nenda, hata kwa nusu saa. Utawakuta wajomba wote mahali pamoja, kazi ya miezi mitatu unaimaliza kwa jioni moja.

Wazazi hawataki binti zao wacheze mpira wa miguu. Netiboli sawa, mpira hapana.

Sikiliza kwanza wanakataa nini. Mara nyingi si mpira. Ni kaptula, ni kurudi giza, ni kocha mwanamume peke yake na mabinti 15. Hayo matatu yanatatulika: suruali ndefu za michezo chini ya jezi na mtandio wa kubana kwa anayetaka, kufunga mapema, na mwanamke mmoja mtu mzima awepo kila mazoezi. Bila yule mama sisi hatufungui mpira wa wasichana, hata kama wote wamefika.

Kwa baba anayesema mpira si wa wasichana, huwa nataja Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana. Mwaka 2022 walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakaifunga Ufaransa 2-1 na wakafika robo fainali. Timu ya wanaume ya taifa haijawahi hata kufuzu Kombe la Dunia. Baba mmoja wa Magomeni alicheka, akasema, "Hapo umenipiga chenga." Binti yake anacheza kiungo.

Mzazi ameniambia: "Mchape tu kocha, ni mwanao huyo." Nimchape?

Hapana. Ameniambia hivyo mzazi zaidi ya mmoja, na wanasema kwa nia njema, wakimaanisha wamekuamini. Pokea imani, kataa fimbo. Mimi huwajibu: "Ahsante mama, lakini kwangu adhabu ni kukaa nje ya mchezo." Hakuna fimbo inayomuuma mtoto wa miaka 11 kama kuwatazama wenzake wanacheza dakika 20. Tena ukimchapa leo kwa ruhusa ya mama, kesho atakuja baba ambaye hakutoa ruhusa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18 dhidi ya mateso, na kituo cha polisi hakitakuuliza kama mliongea.

Kugombeza kwa matusi ni fimbo vilevile.

Nitajuaje kocha wa mwanangu ni mtu salama?

Swali hili wazazi wanaliuliza kwa kuzunguka, wanaona haya. Uliza moja kwa moja, kocha mwema hatakasirika. Tazama haya: anaonana na mtoto peke yake mahali pa kufichika? Anamtumia meseji za usiku? Anampa zawadi anayoambiwa asiseme nyumbani? Anamgusa kwa namna inayomfanya mtoto ajikunyate? Mazoezi yanafanyika mahali ambapo mtu yeyote anaweza kupita?

Ukiona dalili, usimalizane naye kwa mazungumzo ya kifamilia ili kulinda majina. Huduma ya simu kwa mtoto ni namba 116, haina malipo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri ina ofisa ustawi wa jamii. Na mtoto aliyekwambia, mwambie umemwamini. Hilo la mwisho ni la usiku uleule, lisingoje asubuhi.

Kwetu sisi makocha: ujumbe kwa mtoto unapita kwenye simu ya mlezi. Hatumpeleki mtoto nyumbani kwa pikipiki, tunakwenda watatu kwa miguu badala yake. Inachosha, ndiyo.

Mtoto ameumia. Namwambiaje mzazi?

Piga simu papo hapo, ukiwa bado kiwanjani, sauti ya chini. Anza na hali yake: "Mama, mwanao anaongea, amekaa, lakini kifundo cha mguu kimevimba." Ukianza na "Kuna tatizo limetokea", mama ameshakimbia bila viatu.

Kifundo kilichovimba kinapoozwa. Kwetu barafu ni zile za vifuko zinazouzwa majumbani, funga mbili ndani ya kitambaa, weka, inua mguu. Usichue wala usivute. Akishindwa kukanyaga kabisa, hospitali.

Kichwa ni habari nyingine. Aliyegongwa kichwa akapotewa na kumbukumbu, akaumwa kichwa, akatapika au akawa mzito wa kusinzia, harudi mchezoni siku hiyo hata baba yake aseme "ni mwanamume huyo". Anapelekwa hospitali, na mzazi anaambiwa amwangalie usiku kucha. Nimewahi kubishana na baba katikati ya kiwanja kwa jambo hili, tunaongoza 1-0, mchezaji wetu mzuri. Nilimvua mtoto jezi kwa mkono wangu.

Jioni yake nenda ukamjulie hali. Si lazima ubebe kitu.

Mzazi anataka tupunguze umri kwenye cheti ili mtoto aendelee kucheza timu ya wadogo.

Kataa, na mweleze sababu ambayo yeye inamhusu. Umri wa uongo unaweza kupita kwenye bonanza la mtaa, huko juu haupiti. Kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, FIFA imekuwa ikipima mifupa ya kifundo cha mkono kwa picha za MRI tangu 2009. Na sisi Watanzania tulishaonja: Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, waliwahi kufuzu fainali za Afrika za 2005 wakaondolewa kwa suala la umri. Kikosi kizima kilibaki nyumbani.

Amekuja mtu anasema ni wakala, anataka kumpeleka mtoto nje. Mzazi ameshaanza kuuza shamba.

Simamisha hilo shamba kwanza. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa masharti machache, kwa mfano wazazi wenyewe wanapohamia nchi hiyo kwa sababu isiyo ya mpira. Kwa hiyo anayemwahidi mtoto wa miaka 14 timu ya Ulaya na anataka pesa ya viza kutoka kwako, ujue anachosafirisha ni pesa yako.

Hapo pia ndipo wazazi huuliza, "Akisajiliwa, wewe kocha utapata ngapi?" Jibu wazi, usijifanye malaika. Mchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: kwa kila mwaka wa miaka 12 hadi 15 klabu inapata robo ya asilimia moja ya ada, na kuanzia 16 nusu ya asilimia. Ni ya klabu iliyomsajili rasmi, si ya mfuko wa kocha, na timu ya mtaani isiyo na usajili haipati kitu. Mimi nimewaeleza hivyo wazazi wote kwenye mkutano. Wapo walioshangaa, walidhani nimeshaandikiana na mtu.

Mwanangu mwenyewe yuko kwenye timu ninayofundisha. Wazazi wananong'ona.

Watanong'ona tu. Mimi wangu nimempa msaidizi wangu aamue kama anacheza au hachezi, na nimewatangazia. Nyumbani mama yake ndiye anayenilalamikia.

Mzazi amekasirika, amemwondoa mtoto. Nimfuate au nimwache?

Mfuate mara moja, na usimfuate kwa ajili ya mchezaji. Mwaka juzi aliondoka winga wangu wa kushoto, tukiwa tumebakiza mechi mbili. Wenzangu walitaka twende sote watano na mwenyekiti wa mtaa. Nilikataa. Watu watano mlangoni ni baraza la usuluhishi, na aliyefuatwa hivyo lazima ashikilie msimamo wake mbele ya jirani. Nilisubiri mechi zote mbili ziishe, tulipoteza moja, ndipo nikaenda peke yangu, ili asije akafikiri ninatafuta winga.

Baba yake alikuwa anatengeneza wavu barazani. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, tukazungumzia bei ya petroli ya boti. Yeye ndiye aliyelianzisha. Kumbe hakukasirishwa na mtoto kutolewa dakika ya 30 kama tulivyodhani. Alikasirishwa kwa sababu nilimtoa nikamwambia "Baba yako amekuharibu" kwa sauti, na mtoto akapeleka nyumbani neno lile, safari hii bila kuongeza wala kupunguza.

Nilimwomba radhi. Mtoto hakurudi msimu ule, alirudi uliofuata.

Ukikuta mwenyewe hayupo, wasalimie waliopo, ulizia shamba linaendeleaje, uondoke. Usiache ujumbe.